Tasa Mpya Imetua: Tarakimu Milioni 41 na Haigawanyiki!

Imetoka jamani! Jumatatu ya tarehe 21 Oktoba 2024 imetangazwa namba tasa kubwa kuliko zote zilizowahi kujulikana na binadamu, na tangu niipakue sina habari na kitu kingine. Kwa kifupi inaandikwa 2¹³⁶²⁷⁹⁸⁴¹ − 1. Yaani andika mbili, izidishe kwa mbili, zidisha tena kwa mbili, endelea hivyo mpaka mbili zako zifike 136,279,841, kisha toa moja. Ukiiandika kwa kirefu inakula tarakimu 41,024,320. Milioni arobaini na moja na ushee! Na kuanzia 2 hadi kuifikia yenyewe, hakuna namba hata moja inayoigawanya isiache baki.

Iliyokuwa inashikilia taji ni 2⁸²⁵⁸⁹⁹³³ − 1, iliyogunduliwa Desemba 2018 ikiwa na tarakimu 24,862,048. Hii mpya imeipita kwa tarakimu 16,162,272. Hapo tuelewane vizuri: haikuizidi kwa milioni kumi na sita, imeizidi kwa tarakimu milioni kumi na sita. Chukua mpya ugawanye kwa ya zamani, na jibu peke yake litajaza tarakimu zaidi ya milioni 16. Karibu miaka sita tumekaa tunasubiri, na kilichokuja kimeiacha rekodi ya zamani mbali kabisa.

Twende kwenye faili lenyewe, maana tarakimu zote zimewekwa hadharani na yeyote anaweza kuzipakua. Inaanza 881694 na inaishia 871551. Katikati hapo macho hayana pa kushika. Hakuna mpangilio unaojirudia, hakuna mahali pa kupumzikia, ni tarakimu juu ya tarakimu. Mtu akiamua kuisoma kwa sauti, tarakimu moja kila sekunde, asile wala asilale, atamaliza baada ya siku 474 na kitu. Lakini iandike kwa lugha ya kompyuta, ile ya moja na sifuri, uone maajabu: vurugu yote inatoweka! Inakuwa moja, moja, moja, moja, mara 136,279,841 mfululizo, na sifuri haimo hata moja. Kwa namna hiyo inahitaji megabaiti 17 tu, unaituma kwa WhatsApp kama video fupi ya harusi. Namba ile ile, sura mbili: moja fujo tupu, nyingine nyoofu hadi inatia raha.

Sasa chukua kalamu, kwa sababu jambo la kwanza lililonisisimua halihitaji hata simu. Mwisho wa namba hii unaweza kuuhakiki mwenyewe. Orodhesha vipeo vya mbili ukiangalia tarakimu mbili za mwisho tu: 04, 08, 16, 32, 64, 28, 56, 12, na kuendelea. Ukianzia 2², baada ya hatua 20 unarudi pale pale kwenye 04 na mzunguko unaanza upya, milele na milele. 2²¹ ni 2,097,152, inaishia 52. Basi 2⁴¹ nayo itaishia 52, na 2⁶¹ nayo, na kila mbili yenye kipeo (ile namba ndogo ya juu) kikubwa kuliko 1 ambacho ukikigawanya kwa 20 kinabakiza 1. Gawanya 136,279,841 kwa 20. Inabaki 1! Kwa hiyo ule mlima wa mbili unaishia 52, na ukitoa moja unapata 51. Nilishuka hadi mwisho kabisa wa faili nikiwa tayari na jibu langu kwenye karatasi, nikakuta 51 imekaa inanisubiri. Niliruka kitini.

Ukishaionja hiyo huachi. Mbili yenye kipeo witiri chochote ikigawanywa kwa 3 inabakiza 2, kwa hiyo namba yetu ikigawanywa kwa 3 inabakiza 1. Na kwa ile kanuni tuliyofundishwa shule ya msingi ya kujumlisha tarakimu, maana yake ni kwamba jumla ya tarakimu zote milioni 41 nayo inabakiza 1 ikigawanywa kwa 3, na hatujajumlisha hata moja! Kwa 7 inabakiza 3. Kwa 31 inabakiza 1. Kwa 127 inabakiza 31. Zote hizo zinatoka kwenye kipeo peke yake, mistari miwili mitatu ya hesabu kila moja. Huwezi kuiandika yote hata ukipewa mwaka mzima, lakini unaweza kuihoji na ikakujibu.

Ukoo wake ni wa namba za Mersenne, zile zote zinazopatikana kwa kuchukua kipeo cha mbili na kutoa moja: 3, 7, 15, 31, 63, 127. Ili namba ya ukoo huu iwe tasa, kipeo chenyewe lazima kiwe tasa kwanza. Angalia 2⁶ − 1, yaani 63. Kwa kuwa 6 inagawanyika kwa 2 na kwa 3, basi 63 inagawanyika kwa 2² − 1, ambayo ni 3, na kwa 2³ − 1, ambayo ni 7. Hakuna kukwepa. Ila kuwa na kipeo tasa hakutoshi. 11 ni tasa, lakini 2¹¹ − 1 ni 2,047, nayo ni 23 mara 89. Ndiyo maana utafutaji huu ni mgumu. Vipeo tasa ni vingi mno, na karibu vyote vinakuangusha. Katika mamilioni ya vipeo vilivyopimwa mpaka sasa, vilivyotoa tasa ni 52 tu, na huyu mgeni wetu ndiye wa 52.

Marin Mersenne, mtawa wa Ufaransa aliyeupa ukoo jina, alichapisha mwaka 1644 orodha ya vipeo alivyoamini vinatoa tasa hadi kufikia 257. Alikosea mara tano: aliweka 67 na 257 ambavyo si vyenyewe, akaacha 61, 89 na 107. Simlaumu hata kidogo. Angezipimaje? Hiyo 2⁶⁷ − 1 ni 147,573,952,589,676,412,927. Mwaka 1876 Mfaransa mwingine, Édouard Lucas, alionyesha kwamba si tasa, na hapa nakuomba usome polepole: alionyesha hivyo bila kujua kigawo chake hata kimoja! Vigawo vyenyewe vilikuja kupatikana mwaka 1903, Mmarekani Frank Nelson Cole alipovileta mbele ya wenzake mjini New York: 193,707,721 mara 761,838,257,287. Yaani miaka 27 dunia ilijua kwa hakika kwamba namba ile inagawanyika, na hakuna aliyejua inagawanyika kwa ngapi.

Njia hiyo ya Lucas, iliyonyooshwa na Mmarekani Derrick Henry Lehmer mwaka 1930, ndiyo moyo wa habari yote hii, na kwangu ndiyo nzuri kuliko hata namba yenyewe. Ukubwa unashangaza siku moja ukazoea. Lakini kwamba kitu kikubwa hivi kinaweza kujulikana kwa uhakika kamili, na kwa hesabu ambayo mwanafunzi wa sekondari anaiweza, hilo sijalizoea na sitaki kulizoea. Hebu tuifanye pamoja kwa 127, yaani 2⁷ − 1.

Anza na 4. Izidishe yenyewe kwa yenyewe, toa 2, gawanya kwa 127, ushike baki. Baki hiyo ifanyie vivyo hivyo. Idadi ya hatua ni kipeo toa mbili, kwa hiyo hapa ni hatua 5. Ya kwanza: 16 toa 2 ni 14. Ya pili: 196 toa 2 ni 194, baki 67. Ya tatu: 4,489 toa 2 ni 4,487, baki 42. Ya nne: 1,764 toa 2 ni 1,762, baki 111. Ya tano, shika pumzi: 12,321 toa 2 ni 12,319, na 12,319 ni 127 mara 97 kamili. Baki sifuri! Sifuri hiyo ndiyo hukumu. Ikitokea sifuri kwenye hatua ya mwisho, namba ni tasa, na si "huenda" wala "inaelekea": ni tasa, imethibitishwa. Isipotokea, si tasa, basi. Jaribu kwa 2,047 na baada ya hatua 9 utaishia na 1,736. Imeanguka, na wala hatukuwagusa wale 23 na 89.

Tena kuna ladha ya ziada kwenye kule kugawanya. Kwenye ukoo wa Mersenne hugawanyi kabisa, unakata na kujumlisha. Iandike 194 kwa moja na sifuri: 11000010. Kata tarakimu saba za mwisho, 1000010, ambayo ni 66. Mbele imebaki 1. Jumlisha: 67. Ndiyo baki ile ile! Kompyuta inalifanya hilo kwa wepesi mkubwa, na ni moja ya sababu za rekodi za namba tasa kutawaliwa na ukoo huu kwa miaka mingi.

Sasa chukua hesabu hiyo hiyo ya kwenye daftari uipeleke kwa mgeni wetu. Hatua si 5 tena, ni 136,279,839. Na katika karibu kila hatua unazidisha namba ya tarakimu milioni 41 kwa yenyewe. Ukitumia kuzidisha kwa mkono kama tulivyofundishwa, tarakimu kwa tarakimu, hatua moja tu ingekula mizidisho zaidi ya trilioni 1,600. Moja tu! Kinachookoa ni mbinu ya kuichukulia namba kama wimbi, kulivunja katika mawimbi madogo, kufanya kazi huko kwenye mawimbi ambako kuzidisha ni rahisi, kisha kurudi. Richard Crandall na Barry Fagin waliichapisha mwaka 1994 namna ya kuifanya mbinu hiyo iendane sawasawa na namba za Mersenne, na hadi leo watafutaji wanaitegemea.

Aliyeipata namba hii mpya ni Luke Durant, aliyekuwa na miaka 36 wakati huo, wa San Jose, California, aliyewahi kufanya kazi kampuni ya NVIDIA. Anashiriki katika GIMPS, ule mradi wa kujitolea ulioanzishwa na George Woltman mwaka 1996, ambao watu duniani kote wanaazima muda wa kompyuta zao kupima vipeo. Kwa miaka 28 tasa zote za mradi zilipatikana kwa kompyuta za kawaida. Durant akaja na wazo jingine: chipu za GPU, zilizobuniwa kwa ajili ya picha za michezo ya video na ambazo sasa ndizo zinazoendesha akili mnemba. Programu ya kupimia kwa chipu hizo ilikuwapo tayari, kazi ya Mihai Preda. Durant akakodi maelfu ya chipu, akaziunganisha kwenye maeneo 24 ya vituo vya data katika nchi 17, na baada ya karibu mwaka mzima wa kupima, Ijumaa ya tarehe 11 Oktoba chipu moja ya A100 iliyokuwa Dublin, Ireland, ikaleta jibu.

Jibu hilo la Dublin lilikuwa la kipimo cha awali, kinachotokana na kanuni ya mwanahisabati Fermat, ambacho kikikubali namba maana yake ni "karibu hakika". Uzuri wake ni kwamba kina njia ya kujikagua kikiwa kazini, aliyoibuni Robert Gerbicz, ili chipu ikiteleza kidogo kosa lionekane kabla halijaharibu siku nzima za kazi. Lakini karibu hakika haitoshi kwenye hisabati. Kesho yake, tarehe 12, chipu ya H100 huko San Antonio, Texas, ikamaliza kipimo cha Lucas na Lehmer, hatua zote milioni 136 na zaidi, na mwisho wake ikaleta sifuri. Hebu iwaze sifuri hiyo! Kosa la tarakimu moja, mahali popote katikati ya hatua zote zile, lingetosha kuleta takataka. Kisha wengine wakairudia kazi kwa programu tofauti na mitambo tofauti, na kote sifuri. Ndipo ikatangazwa.

Na haikuja peke yake. Kila tasa ya Mersenne huja na namba kamilifu, yaani namba ambayo vigawo vyake, ukiacha yenyewe, vikijumlishwa vinairudisha ile ile. 6 ni 1 na 2 na 3. 28 ni 1 na 2 na 4 na 7 na 14. Euclid alionyesha zaidi ya miaka 2,000 iliyopita kwamba ukizidisha tasa ya ukoo huu kwa kipeo cha mbili kilicho hatua moja chini yake, unapata namba kamilifu, na Euler akaja kuonyesha katika karne ya 18 kwamba kila namba kamilifu iliyo shufwa inapatikana kwa njia hiyo na si nyingine. Kwa hiyo siku ile ile tumepata pia namba kamilifu kubwa kuliko zote zinazojulikana: tarakimu 82,048,640! Kwa lugha ya kompyuta inapendeza mno, moja 136,279,841 zikifuatwa na sifuri 136,279,840. Vigawo vyake vyote tunavifahamu kimoja kimoja, na jumla yake inatua pale pale bila kuzidi wala kupungua.

Najua swali linalokuja: inafanya kazi gani? Kwenye kufungia siri za benki na simu haitumiki. Huko zinatakiwa tasa za tarakimu mia chache, tena zisizojulikana na kila mtu. Lakini njia ya kuifikia imeacha matunda. Prime95, programu ya mradi huu, inaibana kompyuta kiasi kwamba wanaounda mashine kwa mikono yao wanaitumia kuzijaribu, na ndiyo iliyofichua mwanzoni mwa 2016 hitilafu katika chipu za Intel za kizazi cha Skylake. Hayo ni ya kweli na ni ya maana. Hata hivyo mimi siyahitaji ili niipende namba hii. Mtu anayepanda Kilimanjaro haulizwi analeta nini kutoka kileleni.

Kilichobaki wazi ndicho kinachonikosesha usingizi. Hakuna ajuaye kama tasa za Mersenne zina mwisho. Wanahisabati wengi wanaamini hazina, lakini uthibitisho haupo. Namba kamilifu iliyo witiri haijawahi kuonekana, na hakuna aliyethibitisha kwamba haiwezekani. Na hata nafasi ya mgeni wetu kwenye foleni si ya kudumu: ni ya 52 kwa kujulikana, ila kati ya kipeo cha 2018 na hiki cha sasa, wakati wa kutangazwa, kulikuwa na vipeo vingi ambavyo havijaguswa. Huenda katikati hapo kuna tasa nyingine iliyorukwa, ndogo kuliko hii, inayosubiri mtu aipime.

Mtu huyo anaweza kuwa yeyote. Durant amepewa na GIMPS dola 3,000 na ameamua zipelekwe kwenye idara ya hisabati ya Alabama School of Mathematics and Science, alikosoma sekondari. Zipo pia dola 150,000 zilizotengwa na Electronic Frontier Foundation kwa tasa ya kwanza yenye tarakimu milioni 100 au zaidi, na hazijachukuliwa. Kwa ukoo wa Mersenne hapo inatakiwa kipeo kinachozidi milioni 332. Prime95 inapakuliwa bure, unaiwasha, mradi unakupa kipeo ambacho hakijapimwa, na kompyuta yako inaanza kuhesabu.